Honi ya Eau Claire

Mimi sipendi wazazi uwanjani. Nalisema mapema ili nisije nikalaumiwa baadaye. Nimecheza beki wa kati tangu nikiwa msichana, nimepigwa viwiko na wanawake wapana kuliko mlango, na bado kitu kinachonikera kuliko vyote ni mzazi mwenye kiti cha kukunja na maoni. Na katika wazazi wote niliowahi kuwasikia, hakuna aliyemfikia Orrin Tollefson.

Orrin alikuwa mwalimu wa michezo huko juu kaskazini, kwenye miji ya migodi ya chuma, na ndiye aliyemfundisha mpira binti yake Maren tangu akiwa mtoto wa miaka sita. Alimfundisha kwa sauti. Kulia! Rudi! Piga sasa! Maren akakua hivyo, anacheza kwa masikio. Shuleni alifunga mabao mpaka watu wakachoka kushangaa. Chuo kikamchukua, akakaa mwaka mmoja tu, na akiwa na miaka kumi na tisa klabu yetu ya Duluth, ligi ya pili ya wanawake, ikampa mkataba wa wiki chache wa majaribio. Akasaini bila kupepesa macho. Kwetu ukishalipwa kucheza, timu ya chuo haikupokei tena. Kwa hiyo mtoto yule alikuwa ameuacha mlango mmoja umefungwa nyuma yake, na ule wa mbele ulikuwa umefunguliwa kidogo tu.

Alicheza mechi nne bila bao hata moja. Na si kwamba hajui. Ana mbio za kukuacha ukiokota viatu vyako, na mguu wake wa kushoto ukiuona mazoezini unatamani kuacha mpira ukalime. Tatizo lilikuwa moja. Akifika mbele ya goli, akiwa na kipa tu, kichwa kilikuwa kinainuka na kuangalia jukwaani, kwa baba. Ni nukta moja tu ya kuangalia, lakini katika ligi yetu nukta moja inamtosha beki kunywa kahawa na kurudi.

Asubuhi ya mechi ya tano, ndani ya basi tukielekea Eau Claire, kocha wetu aliniita nikakae naye mbele. Kocha Pruitt ni mwanamke wa Texas, hapendi baridi na hapendi maneno mengi.

"Wewe ni nahodha, nakwambia wewe kwanza," alisema. "Mkataba wa yule mtoto unaisha leo jioni. Nimebakiza nafasi moja, na kuna mshambuliaji mwingine anasubiri simu yangu."

"Kocha, mtoto ana kipaji yule."

"Kipaji ninacho hata mimi, nikiwa jikoni. Corinne, sitafuti mtu wa kuendeshwa kwa rimoti. Leo nampa nafasi. Akicheza tena huku anaangalia jukwaani, anarudi kwao."

"Umemwambia?"

"Anajua mkataba unaisha. Mengine atayaona mwenyewe."

Nilirudi kwenye kiti changu. Maren alikuwa amelala, mdomo wazi, koti la timu limemfunika hadi puani. Nikamwonea huruma, halafu nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa shule, kwa sababu uwanja wa wenyeji ulikuwa bado umelowa theluji iliyoyeyuka. Nyasi bandia, zile punje nyeusi za mpira zinazoingia hadi kwenye soksi, na juu yake mistari ya njano ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti, imepita kila mahali, mpaka unasahau eneo la hatari linaanzia wapi. Ulikuwa mwezi wa nne na upepo ulikuwa unakata masikio. Wazazi wa shule walikuwa wanachoma soseji pembeni, moshi wote unatujia sisi. Na pale jukwaani, safu ya tatu, blanketi magotini, alikuwapo Orrin. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri.

"Maren! Kaza kamba!" ndiyo salamu yake ya kwanza.

Maren akainama, akakaza kamba zilizokuwa zimekazwa tayari.

"Mtoto wa Baba," akamtania Hobbs, winga wetu wa kulia. "Mwambie atuletee na soseji basi."

Kipindi cha kwanza kilikuwa kibaya. Ubao wa matokeo haukufanya kazi, ukawa mweusi tu, na sisi tukacheza kama ubao wenyewe. Wenyeji walitufunga kwa kona ambayo mimi ndiye niliyetakiwa kuirukia, na goti langu likakataa. Moja bila. Maren aligusa mpira mara chache, na kila akiugusa sauti ilishuka kutoka safu ya tatu. "Pembeni! Pembeni! Sasa ingia!" Anaingia kweli, amechelewa, mpira umeshachukuliwa.

Wakati wa mapumziko nilimkuta ameketi peke yake chini ya makabati ya wanafunzi, anajimwagia maji shingoni katika baridi ile.

"Kapteni, kocha amesema nini kuhusu mimi?"

"Amesema ucheze."

"Hilo si jibu."

"Basi jibu ni hili, mdogo wangu. Acha kumwangalia baba yako."

Nilidhani atabisha, maana wote hubisha. "Sitaki kumwangalia," akasema. "Nikisikia sauti yake miguu inangoja. Hata asiponiita, inangoja aniite. Ningejua namna ya kuacha ningeacha siku nyingi."

Nilimpiga bega, nikaondoka nikiwa na hasira na yule mzee mwenye blanketi.

Tulipotoka, refa aliniita pamoja na nahodha wa wenyeji. Alikuwa mwanamume mwembamba, filimbi imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Ubao ulikuwa umewaka sasa, taa nyekundu kubwa, na saa yake ilikuwa imewekwa kama ya mechi za shule: haihesabu kwenda mbele, inahesabu kurudi nyuma hadi sifuri.

"Fundi wao hajui kuibadilisha," refa akasema. "Ikifika sifuri italia honi. Honi hiyo haina kazi. Muda ninao mimi hapa mkononi, na dakika za nyongeza ni zangu. Waambieni wachezaji wenu. Mchezo unaisha kwa filimbi yangu tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nikawaambia wenzangu, moja kwa moja, kwa lugha ya mama anayepeleka watoto dukani: honi si kitu, chezeni hadi filimbi. Nikamwona mwenzangu wa upande wa pili naye anawakusanya wake, anaonyesha ubao kwa kidole. Wote tukaitikia kwa vichwa. Lakini naomba mtu atuelewe. Sisi wote tuliokuwa pale, wao na sisi, tumekulia kwenye mechi za shule. Tangu utotoni saa inarudi nyuma mpaka sifuri, honi inalia, unaacha mpira ulipo, unakwenda kupanga mstari wa kupeana mikono. Jambo hilo halikai kichwani, linakaa kwenye magoti.

Kipindi cha pili tulicheza. Tuliwabana wenyeji mpaka kipa wao, Petrich, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, akaanza kuwatukana mabeki wake mwenyewe. Katikati ya kipindi Hobbs alimpenyezea Maren pasi safi ajabu. Kipa yuko njia panda, goli liko wazi upande wa kushoto, kwenye mguu wake ule. Nikaacha kupumua.

"Pasi!" ikaja sauti. "Mpe mwenzio! Pasi!"

Kichwa cha Maren kiliinuka. Akatoa pasi kwa mtu ambaye hakuwa tayari, mpira ukatoka nje.

Nilitazama benchi. Kocha Pruitt hakupiga kelele wala kurusha chupa. Aligeuka tu akamwambia mshambuliaji wa akiba avue suruali ya mazoezi. Maren naye aliona. Uso wake ulibadilika rangi, na nilijua anajua.

Yule wa akiba akasimama kwenye mstari, anarukaruka kupasha miguu. Ilikuwa nafasi yetu ya mwisho ya kubadilisha mchezaji. Tukingoja mpira utoke ili aingie, Hobbs akateguka kifundo cha mguu mbele ya macho yetu, akaanguka akipiga kelele. Ikabidi nafasi ile itumike kwake. Maren akabaki uwanjani, na kila mtu alielewa kwamba amebaki kwa sababu ya mguu wa mtu mwingine. Nilipopita karibu yake nikapunguza mwendo.

"Bado upo," nikamwambia. "Cheza, basi."

Akapandisha soksi zake, akarudi mahali pake.

Dakika za mwisho zilikuwa za kusukumana. Wenyeji walirudi wote nyuma, sisi tukaenda wote mbele, hata mimi na goti langu. Nilianza kuhisi watu jukwaani wanaangalia ubao badala ya mpira, maana kelele zao zilikuwa zinapanda na zile taa nyekundu. Halafu wakaanza kuhesabu kwa pamoja, kama wanavyofanya shuleni.

"Kumi! Tisa! Nane!"

Petrich aliudaka mpira, akaubutua mbali hadi kwetu. Nikaruka kuukutanisha na kichwa, ukarudi ulikotoka, ukadunda mara mbili ukampata Maren upande wa kushoto, nje kidogo ya eneo la hatari.

"Tatu! Mbili! Moja!"

Honi ikalia. Ililia kwa kirefu, honi nzito ya meli, mpaka meno yakauma.

Na sote tukasimama.

Sitanii. Tulionywa, tukaitikia kwa vichwa, na tukasimama, wao na sisi. Mimi, niliyeambiwa na refa uso kwa uso, nilishika magoti nikaanza kusema moyoni basi, tumefungwa. Beki aliyekuwa anamkaba Maren alirusha mikono juu na kumkimbilia mwenzake. Petrich akatoka golini kwake anacheka, ameshavua glavu moja, anakwenda kumkumbatia nahodha wake. Watu wa jukwaani walikuwa wamesimama, wanashangilia, wengine wanakusanya mifuko.

Maren naye alikuwa amesimama. Mguu wake ulikuwa juu ya mpira.

Nikamwona anainua kichwa kuelekea safu ya tatu. Orrin Tollefson alikuwa ameinuka pia. Kwake mechi ilikuwa imekwisha, na yeye ni mtu wa adabu zake: alikuwa anazipigia makofi timu zote mbili, taratibu, kisha akageuka kukunja blanketi. Alimpa bintiye mgongo. Hakukuwa na sauti yoyote kutoka kule.

Maren akamtazama refa. Refa alikuwa amesimama wima, anaangalia saa yake ya mkononi, na filimbi ilikuwa bado inaning'inia.

Hapo ndipo na mimi nilipozinduka. Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka kupiga kelele, piga, piga wewe mtoto, na nikafunga mdomo kwa nguvu zangu zote, kwa sababu kelele yangu ingewaamsha na wao. Nilimtazama tu. Sijawahi kutazama kitu kwa uchungu namna ile. Petrich alikuwa hatua chache kutoka kwenye mstari wake. Akigeuka, imekwisha.

Maren akauondoa mguu juu ya mpira. Aliusukuma kidogo mbele, kama mtu anayejaribu kama barafu itambeba. Akausukuma tena. Halafu akaanza kukimbia, akapita nyuma ya mgongo wa Petrich, na akaupiga kwa kushoto, bila nguvu, katikati ya goli tupu. Wavu ulitikisika na hakuna aliyeshangilia, maana zaidi yangu na refa hakuna aliyekuwa anatazama.

Refa akaipuliza filimbi na kunyoosha mkono katikati ya uwanja. Bao.

Kilichofuata kilikuwa ugomvi. Walimzunguka refa wote, Petrich mbele na glavu yake moja, machozi ya hasira yanamtoka. "Mchezo umeisha! Umesikia honi! Kila mtu amesikia honi!"

"Niliwaambia manahodha," refa akasema. "Waulizeni."

Nahodha wao akaangalia chini. Mimi nilikuja pale nikasema ndiyo, tuliambiwa. Petrich akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa umesimama! Nimekuona! Kila mtu alikuwa amesimama isipokuwa huyo mwizi!"

"Kweli nilisimama," nikasema. "Nimekosa akili, kama wewe."

Refa akaongeza dakika nne. Katika dakika hizo walimpiga Maren mateke ya kila namna, ya wazi na ya kuficha, na jukwaa lote lilikuwa linamzomea. Aliinuka kila mara. Sikumsikia baba yake hata mara moja. Filimbi halisi ilipolia ilikuwa bao moja kwa bao moja, na nilijikuta nimekaa chini kwenye zile punje nyeusi, siwezi kusimama kwa furaha na kwa goti.

Lakini kwetu mechi haiishi bila mstari. Timu hupanga mistari miwili, mnapita mkipeana viganja, mchezo mzuri, mchezo mzuri, hata kama mmetoka kung'oana nywele. Nilitangulia mimi, Maren akanifuata. Mimi nilipewa mikono yote. Nyuma yangu nikaanza kusikia kimya. Niligeuka nikaona: kila mmoja aliyefikiwa na Maren alikuwa anaushusha mkono wake. Yeye alikuwa ameunyoosha wake, anapita na kusema kwa sauti ndogo, "Mchezo mzuri," mtu kwa mtu, na hakuna anayeugusa. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Nilitaka nirudi nimshike mkono mwenyewe, nikajizuia, kwa sababu mstari ni wa kupita peke yako.

Ndipo nikamwona Orrin anaingia kwa lango dogo la uzio, blanketi kwapani. Mzee akajipanga mwisho wa mstari wetu, nyuma ya Maren na wenzetu, akaanza kuwapa wenyeji mkono. Na wao, watu wa heshima, wakampokea. Ni nani atamnyima mkono mzee mwenye mvi?

"Samahani sana, binti," alikuwa anasema. "Nawaomba radhi kwa niaba ya mwanangu. Sisi hatuko hivyo. Samahani. Mmecheza vizuri sana."

Maren alisikia. Alikuwa amebakiza watu wachache, na akasimama palepale. Akageuka, akarudi nyuma kwenye mstari mpaka alipokuwa baba yake. Hata wale wa soseji walikuwa wanatazama.

"Baba, unafanya nini?"

"Naweka mambo sawa, mwanangu. Wale watu walikuwa wamesimama. Sikukufundisha hivi mimi."

"Ni kweli," akasema Maren. "Hili hukunifundisha."

"Basi njoo. Tuwaombe radhi pamoja, tukimaliza twende nyumbani. Mama yako amepika."

Nilidhani atalia, nikadhani ataondoka naye, na nakiri nilimwogopea kuliko nilivyomwogopea alipokuwa na mpira.

"Baba," akasema. "Toka uwanjani."

"Unasemaje?"

"Hapa pangu. Nakuomba, toka uwanjani."

Orrin alibaki na mkono wake hewani, mbele ya msichana wa timu nyingine ambaye hakujua aushike au auache. Kisha akaushusha. Alilihamisha blanketi kutoka kwapa moja hadi jingine, akatazama huku na huku akilitafuta lile lango dogo aliloingilia, na alipoliona akalifuata taratibu. Mtu aliyekaa pembeni mwa viwanja maisha yake yote hakujua atoke vipi.

Maren alirudi mahali pake kwenye mstari, akanyoosha mkono tena, akawamaliza waliobaki. Wa mwisho alikuwa Petrich, na Petrich alimtazama usoni akaweka mikono yake nyuma.

Kocha Pruitt alikuwa amekuja kusimama karibu yangu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Mwambie aje Jumanne, saa tatu asubuhi," akasema. "Mkataba wa msimu mzima."

"Si umwambie wewe mwenyewe, Kocha?"

"Akiniona mimi sasa hivi atadhani anatakiwa kushukuru."

Nilimwambia ndani ya basi, akiwa na mfuko wa barafu kwenye ugoko. Alisema sawa. Akasema tena, sawa, kisha akainamisha kichwa kwenye kiti cha mbele akalia kwa sauti, bila kujificha, na hakuna aliyemtania, hata Hobbs. Nikamshika mgongo. Nilikuwa na furaha naye mpaka kifua kinauma, na nilikuwa namfikiria yule mzee, anarudi kaskazini peke yake kwa barabara ileile, hana mtu wa kumpigia kelele.